Kutumia kishikwambi kumsaidia mtoto mdogo mwenye usonji kujifunza: hatua kwa hatua

Wazazi wa watoto wenye usonji huuliza maswali yale yale mara tu kishikwambi kinapoingia nyumbani: niweke programu gani, mtoto akae nacho kwa muda gani, nianze na herufi au na picha, na je, akizoea kugusa picha hatapoteza kabisa hamu ya kusema kwa mdomo? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya walimu wa chekechea na wa vitengo vya elimu maalumu ambao huulizwa maswali hayo mlangoni wakati wa kuchukua watoto, wasipate nafasi ya kuyajibu kwa utulivu. Unamhusu mtoto wa kati ya miaka miwili na saba hivi, awe anasema maneno machache, awe hasemi kabisa, au awe anarudia tu anayoyasikia.

Hofu ya mtoto kutosema ndiyo nzito kuliko zote, kwa hiyo ijibiwe kwanza. Utafiti wa miaka mingi juu ya watoto wanaotumia picha na vifaa vinavyotamka haujaonyesha kwamba vinawazuia kuzungumza. Kwa walio wengi maneno ya mdomo hubaki yalivyo au huongezeka, ingawa ongezeko hilo huwa dogo kwa baadhi yao. Mtoto anayeweza kuomba maji kwa kugusa picha amepata njia nyingine badala ya kulia na kujipiga ili aeleweke, na hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuanza.

Jambo moja lishike tangu sasa, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zinalitegemea: kishikwambi hakimfundishi mtoto huyu kikiachwa peke yake naye. Anayemfundisha ni mtu mzima aliyekaa ubavuni pake, anayegusa pamoja naye, anayesubiri, na anayelichukua neno lililotoka kwenye kioo na kulitumia papo hapo jikoni, bafuni na uani.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Kishikwambi chenye kioo cha inchi 8 hadi 10. Simu ya kawaida inaweza kutumika, lakini kwenye kioo kidogo kidole cha mtoto hugusa picha mbili kwa pamoja. Cha mtumba kinafaa, mradi betri inakaa na kioo kinaitikia mguso kila mahali. Kijaribu pembe zote nne kabla hujalipa. Kwa walimu wa Tanzania, vishikwambi vilivyogawiwa shuleni baada ya Sensa ya mwaka 2022 vinatosha kabisa kwa kazi hii.
- Kava nene la mpira lenye mshikio, na kioo cha kinga. Kitadondoka.
- Betri ya akiba, kwa sababu umeme hukatika na mtoto hawezi kuelezwa habari za LUKU kuisha.
- Bando au Wi-Fi kwa siku ya kupakua programu tu. Baada ya hapo kifaa kitumike bila intaneti.
- Akaunti ya mzazi yenye nywila ambayo mtoto hajaiona ikiandikwa. Watoto hawa wengi wana macho makali kuliko tunavyodhani.
- Vitu halisi anavyovipenda na anavyovitumia: kikombe chake, mpira, ndizi, kandambili, kitambaa anacholala nacho.
- Daftari na kalamu.
- Majibu ya kipimo cha masikio. Kama mtoto hajawahi kupimwa usikivu, apimwe kwanza, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki jina lake, na mipango yote ya kumfundisha hubadilika tatizo likiwa sikio.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaosema mtoto aliye chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na mwenye miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikiwa pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kwa masomo yanayoelezwa hapa, dakika tano hadi kumi kwa kikao, mara mbili au tatu kwa siku, zinatosha. Hata hivyo, ipo tofauti ambayo wengi hawaelezwi. Programu ya picha zinazotamka, ambayo mtoto huitumia kuomba na kukataa, si burudani na haihesabiwi katika saa hiyo. Hiyo ni sauti yake, na sauti haifungiwi kabatini saa mbili usiku. Ikiwezekana, tenga vifaa viwili: kishikwambi cha kuzungumzia kinachokaa karibu naye kutwa nzima, na simu ya zamani au kifaa kingine cha michezo na katuni ambacho huonekana kwa saa maalumu tu. Mtoto aliyekwisha kuona katuni ndani ya kifaa fulani atakitafutia katuni kila akikishika, na kumfundisha kuombea maji kwenye kifaa hicho hicho ni kazi ngumu mara mbili.

Hatua

1. Mtazame mtoto kabla hujafungua kifaa.

Kwa siku chache andika kwenye daftari anachokipenda, anachokiogopa, na namna anavyoomba sasa. Labda hukushika mkono na kukuvuta hadi kwenye sufuria. Labda husimama mbele ya friji na kulia. Labda anapotaka kubembea huleta kiatu chako. Hizo ni sentensi tayari, na kazi yako ni kuzipatia njia ambayo hata mgeni ataielewa. Kisha chagua lengo moja dogo linaloweza kuonekana kwa macho. «Ajue kuwasiliana» ni kubwa mno. «Akitaka maji aguse picha ya maji bila kushikwa mkono» ni lengo ambalo jioni unaweza kusema limetimia au halijatimia.

2. Kisafishe kishikwambi.

Ondoa michezo, YouTube na mitandao ya kijamii. Zima arifa zote, zima mtikisiko, punguza mwanga wa kioo, na uweke picha ya nyuma ya rangi moja iliyopoa. Zuia kioo kugeuka pale kifaa kinapoinamishwa, kwa sababu picha zikihama ghafla mtoto hupoteza mahali alipozoea kugusa. Funga ununuzi kwa nywila, na kwenye Android unaweza kutumia Family Link ya Google kuzuia programu mpya kupakuliwa bila ruhusa yako.

3. Kifunge kifaa kwenye programu moja.

Hatua hii hurukwa na wengi, na kwa kuiruka vikao vingi huharibika, kwa kuwa mtoto hujifunza kutoka kwenye programu haraka kuliko anavyojifunza kilichomo ndani yake. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio ya usalama, tafuta sehemu ya kubandika programu, ambayo kwenye menyu ya Kiingereza huandikwa App pinning au Screen pinning, iwashe, na uchague kifaa kidai namba ya siri kabla ya kubandua. Kwenye iPad kipengele hicho kinaitwa Guided Access na kimo ndani ya mipangilio ya ufikivu. Ukishakiwasha, unabonyeza kitufe cha juu au cha nyumbani mara tatu, na unaweza hata kuchora duara kuzunguka sehemu ya kioo ambayo hutaki iitikie, kwa mfano kitufe cha mipangilio kilichoko pembeni.

4. Chagua programu, na anza na ya mawasiliano.

Programu za watoto hawa ziko za aina tatu: za kuzungumzia kwa picha, za ratiba ya siku, na za kufundishia namba, herufi, rangi na kulinganisha. Wazazi wengi hukimbilia aina ya tatu, kwa sababu mtoto wa jirani anahesabu hadi ishirini. Ushauri wangu ni kuanza na ya kwanza bila kusita. Mtoto anayezitambua rangi kumi lakini hawezi kusema tumbo linamuuma bado yuko taabuni, na sisi tulio naye tuko taabuni pamoja naye.

Kwa mawasiliano, LetMeTalk ni ya bure kwenye Android, hufanya kazi bila intaneti, na huja na maelfu ya michoro ya ARASAAC, mkusanyo unaotolewa bure na serikali ya jimbo la Aragón nchini Hispania. Cboard nayo ni ya bure, iliwahi kuungwa mkono na mfuko wa uvumbuzi wa UNICEF, na hufunguka hata kwenye kivinjari cha kompyuta. Proloquo2Go, iliyotoka mwaka 2009, inajulikana sana kwa watumiaji wa iPad, lakini bei yake ni kubwa na haifai kununuliwa kabla ya kuujua uwezo wa mtoto. Kwa sauti, huduma ya Google ya kusoma maandishi ina Kiswahili. Iwashe kwenye mipangilio ya kifaa. Sauti ya mtu wa nyumbani iliyorekodiwa ni bora zaidi pale programu inaporuhusu.

Kwa masomo, Khan Academy Kids ni ya bure na haina matangazo, ila haizungumzi Kiswahili. Inayostahili kutajwa zaidi ni Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni ya Enuma, ambayo waanzilishi wake waliingia katika kazi hii kwa sababu ya mtoto wao mwenye mahitaji maalumu. Mwaka 2019 Kitkit School na programu ya onebillion ya Uingereza ziligawana zawadi kuu ya dola milioni 10 ya shindano la Global Learning XPRIZE, baada ya programu zilizoingia fainali kujaribiwa kwa Kiswahili na watoto karibu 3,000 katika vijiji vya mkoa wa Tanga, na misimbo yake ikawekwa wazi kwa yeyote kuitumia. Hazikutengenezwa kwa ajili ya usonji mahususi, lakini zinasema lugha ya mtoto na hazimsukumi kwa haraka.

Programu yoyote uliyoipata, icheze wewe mwenyewe kwanza hadi mwisho, na ukosee makusudi. Sikiliza inafanya nini mtu akikosea. Zipo zinazotoa kwa jibu baya mlio unaochekesha kuliko makofi yanayotolewa kwa jibu sahihi, na mtoto atachagua kukosea siku nzima ili ausikie. Achana pia na yenye matangazo, yenye muziki usiozimika, na yenye saa inayokimbia pembeni.

5. Tengeneza ukurasa wa kwanza kwa picha zako mwenyewe.

Michoro iliyokuja na programu ni mizuri, lakini mtoto mdogo mara nyingi hatambui kwamba kikombe cha buluu kilichochorwa ndicho kikombe chake chekundu cha plastiki. Piga picha kikombe chenyewe. Kiweke juu ya kitambaa cheupe, dirishani penye mwanga, kitu kimoja tu ndani ya picha, bila mkono wa mtu wala kitambaa cha meza chenye maua nyuma yake. Fanya hivyo kwa uji, maandazi, bembea, beseni la kuogea, bajaji mnayopanda kwenda kliniki. Programu nyingi kutoka nje zina tufaa na theluji. Badilisha uweke embe na mvua.

Weka picha mbili hadi nne tu kwa kuanzia, na zote zisiwe majina ya vyakula. Maneno yanayomsaidia mtoto kutwa nzima ni «tena», «basi», «sitaki», «nisaidie» na «twende», kwa sababu yanafaa kwenye uji, kwenye bembea na kwenye kuvaa viatu. «Sitaki» lazima liwemo hata kama litakuudhi, maana mtoto asiye na njia ya kukataa kwa neno hukataa kwa meno.

Unaporekodi, sema kifungu kizima kama kinavyosemwa nyumbani kwenu. Programu za kigeni hukata sentensi vipande vipande, picha moja ya mimi, nyingine ya kutaka, nyingine ya kula, na matokeo yake kifaa kinatamka maneno ambayo hakuna Mswahili anayeyasema. Picha moja ya sahani iseme «nataka kula», yatosha. Kama nyumbani mnazungumza Kisukuma, Kichaga au Kikuyu, rekodi kwa lugha hiyo. Mtoto hujifunza kwanza lugha inayozungumzwa karibu yake, na hakuna haja ya kuongeza Kiingereza sasa.

Angalizo: ukishaweka picha mahali, usiihamishe. Kidole cha mtoto hukumbuka mahali kabla jicho halijasoma picha. Ukitaka kuongeza picha ya tano, iweke kwenye nafasi iliyokuwa tupu.

6. Onyesha kabla hujadai.

Kwa wiki nzima, au zaidi, usimwombe mtoto aguse chochote. Wewe ndiye unayegusa. Tuseme yuko kwenye bembea. Msukume mara tatu, ishike bembea isimame, lete kishikwambi usawa wa macho yake, gusa «tena», acha kifaa kitamke, nawe useme «tena» kwa mdomo, kisha msukume papo hapo. Rudia. Baada ya mizunguko kadhaa ishike bembea na utulie. Huenda akakitazama kifaa. Huenda akakutazama wewe. Huenda akaupeleka mkono wako kwenye picha. Yote hayo ni majibu na yote yanastahili kusukumwa. Mtoto yeyote husikia maneno kwa miezi mingi kabla ya kusema lake la kwanza, na huyu naye anastahili kuona picha zikitumiwa kwa muda kabla ya kutakiwa azitumie.

7. Subiri, kisha saidia kidogo.

Siku unapoona anakaribia kugusa, tulia na uhesabu kimoyomoyo hadi kumi. Kumi ni ndefu kuliko unavyofikiri, na hapo ndipo watu wazima huharibu, kwa kuuliza tena, kunyooshea kidole na kutaja jina lake mara tano. Ubongo wa mtoto huyu unahitaji muda wa kupokea swali moja; ukiongeza la pili, anaanza upya. Kama hajagusa, kisukume kiwiko chake taratibu kuelekea kwenye picha. Usikikamate kidole chake na kukibonyeza, kwa kuwa mtoto aliyezoea kubonyezeshwa hungoja mkono wako kila mara. Akigusa, hata kwa bahati, mpe alichokitaja mara hiyo hiyo na kiasi kidogo, ili apate sababu ya kuomba tena.

Angalizo: usimgeuze mtahiniwa. Maswali ya «hii nini?» na «nionyeshe mpira» humfanya akikimbie kifaa. Kama tayari anajua mpira, hana haja ya kukuthibitishia. Mpe nafasi ya kuuomba.

8. Litoe neno nje ya kioo.

Alichokipata kwenye programu kitumike siku hiyo hiyo mahali pengine na kwa mtu mwingine. Akijua «nisaidie» kwa ajili ya kufungua pakiti ya biskuti, mfungie kopo la unga wa kuchezea. Akijua kulinganisha tatu na tatu kwenye kioo, mpe vifuniko vya soda kwenye sahani, avipange vitatu vitatu. Watoto wengi wenye usonji hujifunza jambo likiwa limefungamana na mahali na mtu, na anayeweza kuomba maji kwa mama sebuleni anaweza kushindwa kuyaomba kwa shangazi jikoni. Huo si ukaidi. Bibi, kaka zake na dada wa kazi wafundishwe wote namna ya kugusa na kusubiri, na shuleni mwalimu apewe ukurasa ule ule wenye picha zile zile.

9. Maliza kikao kwa utaratibu usiobadilika.

Kabla ya kufungua programu ya masomo, mwonyeshe picha mbili kwa mpangilio: kwanza kishikwambi, kisha maji ya kuchezea au kitu kingine anachokipenda. Weka kipima muda kinachoonekana kikipungua. Muda ukikaribia kwisha, mwambie kwa picha na kwa mdomo kwamba imebaki mara mbili, halafu mara moja, halafu basi. Gusa «basi», mfanye yeye mwenyewe afunike kava, mkipeleke kifaa pamoja mahali pake pa kila siku, na umkabidhi kile kitu cha pili mkononi. Kukinyang'anya kifaa ghafla katikati ya wimbo ndiko kunakozaa vilio ambavyo baadaye hulaumiwa kishikwambi.

10. Andika, kisha ongeza.

Jioni andika mistari miwili: ametumia neno gani, kwa msaada au bila msaada, na nani alikuwepo. Ongeza picha mpya pale neno la zamani linapotumika bila msaada kwa watu wawili tofauti na mahali pawili tofauti. Kwa mtoto mmoja hilo litachukua siku chache, kwa mwingine miezi, na wote wawili wanajifunza.

Makosa yanayojirudia

Kosa zito kuliko yote ni kumnyima mtoto kifaa chake cha kuzungumzia kama adhabu. Mfanyie hivyo kwa katuni ukiona inafaa, lakini usimfanyie kwa picha za mawasiliano. Anapokuwa na hasira ndipo anapozihitaji zaidi, na huenda kitu anachotaka kukuambia ni kile kinachomkasirisha.

La pili ni kumwambia «sema kwa mdomo kwanza ndipo nikupe» baada ya yeye kugusa picha. Amekwisha kusema. Mpe, na wewe ulitaje neno kwa mdomo ukiwa unampa.

Kubadilisha programu kila wiki kwa sababu rafiki ametuma kiungo kipya kwenye kundi la WhatsApp nako humrudisha mtoto mwanzo. Ipe programu moja miezi mitatu kabla ya kuihukumu. Na yeyote anayeuza programu, dawa au lishe kwa ahadi ya kuuondoa usonji, usimpe fedha yako. Programu humsaidia mtoto kujifunza na kueleweka, haimtibu.

Ikikwama

Anagusa picha zote hovyo. Mara nyingi anachunguza, kama mtoto mchanga anavyobwabwaja. Mwache kwa siku kadhaa na uitikie chache unazoweza. Ikiendelea, punguza picha ziwe mbili: moja ya kitu anachokipenda sana na moja ya kitu asichokijali, kisha umpe kile hasa alichokigusa. Kwa mtoto ambaye vidole havimtii, kata kipande cha plastiki ngumu chenye matundu yanayolingana na picha na ukifunge juu ya kioo.

Anarudia sekunde tano zile zile za wimbo. Kurudia kunamtuliza, na si vibaya kwa muda wake. Kwenye kikao cha masomo, hata hivyo, tumia kifaa kisicho na video kabisa. Penzi lenyewe litumie: kama ni sauti ya treni, piga picha ya treni na uifanye kuwa kitu cha kuombwa.

Anakosea makusudi. Zima sauti ya programu na utoe pongezi kwa mdomo wako. Mlio unaomchekesha ukitoweka, jibu sahihi huanza kuonekana.

Hataki hata kukigusa. Angalia mwanga na sauti kwanza, kwa sababu baadhi ya watoto huumizwa na mlio ambao kwetu ni wa kawaida. Anza na kifaa kikiwa mezani, wewe ukikitumia kuombea chakula chako mwenyewe mbele yake, bila kumwita. Kama bado, rudi kwenye picha za karatasi. Watoto wengi huzipenda kwa kuwa zinashikika na kukabidhiwa.

Analamba au anakigonga kioo. Mpe cha kutafuna na cha kugonga kabla ya kikao, kisha kikao kiwe cha dakika mbili tu.

Kifaa kimezimika au kimevunjika. Hili litatokea, kwa hiyo lijiandalie leo. Piga picha ya kioo kikiwa na ukurasa wake wa mawasiliano, ichapishe kwa rangi katika ukubwa ule ule, na upeleke stesheneri ifunikwe kwa plastiki ngumu. Nakala moja ikae jikoni, moja kwenye begi la shule, moja kwa bibi. Karatasi haitamki, lakini wewe utatamka anapoigusa.

Ndugu wanasema unamharibu mtoto. Usibishane nao sana. Mkabidhi kifaa yule anayelalamika wakati mtoto ana njaa, mfundishe kusubiri hadi kumi, na umwache mtoto amwombe chakula.

Alikuwa na maneno na sasa yanapotea, au anaduwaa kwa sekunde kadhaa macho yakiwa yameganda. Hapa acha kuhangaika na programu na umpeleke hospitali ya mkoa au ya rufaa bila kuchelewa, kwa kuwa kifafa huwapata watoto wenye usonji zaidi kuliko wengine na kinahitaji daktari. Kwa upimaji wa kielimu na nafasi ya shule, Tanzania muone ofisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yako. Kenya nenda kwenye kituo cha upimaji na rasilimali za elimu cha kaunti, kinachojulikana kama EARC, au katika KISE, taasisi ya taifa ya elimu maalumu iliyoko Kasarani, Nairobi. Chukua lile daftari, na kwenye simu yako uwe na video fupi mbili: moja inayomwonyesha mtoto akiomba kitu kwa njia yake mwenyewe, na nyingine ya hali inayokutia wasiwasi, kwa sababu siku ya miadi huenda asifanye lolote kati ya hayo mbele ya mgeni.